Picha za watoto wa Chennai, na yule akka uliyemtaja mara moja tu

Kuna binti wa Wete kaniandikia, anasoma uhasibu mwaka wa tatu, alipelekwa India semista moja kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi, kakaa Chennai miezi minne na nusu, karudi mwezi uliopita. Barua yake ndefu, kaniruhusu niifupishe, naiweka hapa kwa maneno yake:

"Asalaam aleikum mwalimu. Mimi kabla ya safari hii sijatoka Zanzibar isipokuwa Dar mara mbili. Chennai nimeona vitu sikutegemea, familia nzima inalala chini ya barabara ya juu, mtoto hana nguo anagonga bajaji mkono mtupu. Siku moja nje ya stesheni kuu nikampa mtoto mmoja rupia 100, wakaja wengine kama kumi na tano wakanivuta buibui mpaka nikalia. Nilipiga picha nyingi nikaweka stetasi, nyumbani wakaniambia mashaallah umeiona dunia, mshukuru Mungu sisi tuna nafuu. Mwenzangu mmoja wa kule alinikataza nisipige, nikapiga, akaninunia siku mbili. Aliyenisaidia kule nisichanganyikiwe ni akka, ndo wanavyomuita dada mkubwa kwa Kitamil, anayefagia hosteli, alinifundisha kutunga maua. Sasa nimerudi, nimeshuka Mkoani nimepanda gari ya Wete, njiani nikawaona kinamama wanagonga kokoto na watoto wao pembeni nikasikia kitu kifuani, miaka yote napita pale sijawahi kuwaona. Sijui nilitakiwa nitoe au nisitoe, picha sijui nizifute, na sijui sasa nifanye nini. Hata kula naona haya. Nisaidie."

Waaleikum salaam mwanangu. Hili suali usione vibaya kuliuliza, naletewa kila mwaka na vijana wanaorudi masomoni nje, wengine wametoka India kama wewe, wengine Uturuki, Malaysia, na mmoja alitoka Ujerumani akaniambia alimkuta mzee kalala kwenye ngazi za stesheni baridi kali akadhani kafariki, na alipoona watu wanampita tu kama wanavyopita nguzo akakaa pembeni akalia. Kwa wasonijua, mimi nafundisha ustawi wa jamii, na Chennai nimeishi miaka miwili, 2013 mpaka 2015, nilikwenda kusoma, kwa hiyo hayo madaraja unayoyasema nayajua na hiyo stesheni naijua. Ntakujibu kwa urefu na sitofuata mpangilio wako, mana naona la picha ndo mzizi, mengine yote yameota hapo.

Mimi wa Jambiani. Mama yangu alikuwa mkulima wa mwani. Mwani wa biashara kwetu ulianza 1989, na mpaka leo wanaoulima wengi ni wanawake, kwenu Pemba ndo unatoka mwingi zaidi. Mwaka 1993 mimi nlikuwa na miaka kumi, maji yakitoka nafuatana nae, tunatembea karibu nusu saa juu ya mchanga na mawe mpaka kwenye vigingi vyake, kisha anainama. Kazi ya mwani yote ni ya kuinama, unafunga kipande kimoja kimoja kwenye kamba kwa vikamba vidogo, maji ya magoti, jua la utosi, kanga imelowa imegandana na mwili. Siku hiyo akaja mgeni na kamera, mzungu mwanamme, wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatabasamu, akasimama nyuma yake akapiga, akazunguka mbele akapiga tena. Mama akanyanyua upindo wa kanga akajifunika uso, akasema kwa sauti ya chini, wala si kwa yule mgeni, ni kama anajiambia mwenyewe: "Hata hodi?"

Nikawa sielewi, hodi ya nini na hapa ni baharini hakuna mlango. Nimekuja kuelewa Chennai, nina miaka thelathini, napita chini ya barabara ya juu usiku natoka maktaba, naona mkeka, sufuria limefunikwa, pazia la gunia, kioo kidogo kimetundikwa kwenye msumari na chanuo limechomekwa nyuma yake. Pale palikuwa chumbani kwa mtu. Mlango hauonekani lakini upo, na kila anayepita anaingia bila hodi, mimi nikiwemo.

Ndo mana mwenzako kakununia, na haki yake, mimi ningenuna wiki. Na wewe mwanangu umetoka kwenye visiwa vya watu wanaopigwa picha. Unajua mtalii akisimama Darajani akimlenga bibi anayeuza mbirimbi yule bibi anavyogeuza shingo. Unajua watoto wa Nungwi na Paje wanavyopangwa mstari wapigwe picha wakicheka halafu picha inakwenda wapi hawajui wao wala mama zao. Umekaa upande huo maisha yako yote, ila umepanda ndege mara moja tu umejikuta upande wa pili na simu mkononi. Naamini huo mshtuko ndo unaokuchoma, na ni mshtuko mzuri, usiutafutie dawa ya haraka.

Kwa hiyo, picha zenye sura za watoto, na za watu waliolala, zifute zote, na wale uliowatumia waambie wafute, hata kama wameshazisambaza wewe sema tu. Picha ulizoomba na mtu akakaa vizuri akakuangalia, hizo weka. Sisemi picha ni haramu, watafiti wanapiga na waandishi wanapiga, lakini anayejua kazi yake anatoa salamu, anasema anaitwa nani na picha inakwenda wapi, na akiambiwa hapana anaweka kamera chini. Hiyo ndo hodi.

Haya, la pesa.

Hapa ntakwambia kitu changu ambacho siwaambii wanafunzi wangu mara nyingi. Mwaka uleule wa 1993, au ule uliofuata, mimi na wenzangu tukawa tunakwenda ufukweni kuwaambia wageni "jambo, peni, pipi", na siku moja mama mmoja wa kizungu akanipa dola moja. Dola moja kwa mtoto wa Jambiani wakati ule, kwa mama yangu ni siku kadhaa za kuinama. Nikaipeleka nyumbani, mama akaipokea akanyamaza. Kesho yake sikwenda skuli, nikakaa ufukweni, keshokutwa pia, siku ya tatu pia, sikupata hata senti, na siku ya nne mwalimu akaja nyumbani. Sikupigwa. Mama aliniuliza tu: "Sa mimi na wewe nani anamlea mwenzake?" Na ilikuwa kweli mana zile siku tatu nlikuwa najiona mkubwa kuliko yeye, nilimdharau na mwani wake.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu kwa watoto ni huo na sioni haya kuusema: mtoto usimpe pesa barabarani, Chennai wala Forodhani. Sio kwa sababu ni muongo, mara nyingi si muongo, njaa anayo. Ni kwa sababu ile pesa inamfanya yeye ndo awe na thamani zaidi akiwa barabarani kuliko akiwa skuli, mkubwa anayemtegemea anaiona hiyo hesabu, na yeye mwenyewe anaiona, kama nilivyoiona mimi. Mpe chakula kile ambacho atakila pale pale na wewe ukiwepo, kaa nae dakika mbili, muulize jina. Na ukiona mtoto yuko peke yake, mgonjwa, au kuna mtu anamtumia, India wana namba ya bure ya watoto, 1098, na huku kwetu ni 116, Bara na Visiwani. Namba hiyo wanafunzi wangu wote wanaandikishwa kabla ya kuondoka, hata kabla ya namba ya ubalozi.

Na ile rupia 100 yako, ntakwambia ilikosea wapi. Ilikuwa noti moja kubwa, umeitoa hadharani, kwa mmoja, wengine wanaangalia. Hata hapa kwetu ukitoa elfu kumi nje ya msikiti Ijumaa mbele ya watu ishirini utavutwa buibui, si kwa sababu watu ni wabaya. Wale kumi na tano hawakukuvamia, walikuwa kwenye foleni ambayo wewe hukujua umeifungua. Kulia kwako nakuelewa ila usibaki unawaogopa.

Wakubwa ni jambo jengine. Sisi tumefundishwa chuo cha Kurani tangu hatujajua kusoma vizuri kwamba muombaji usimkemee, na nnavyoona mimi hilo halibadiliki ukivuka bahari. Waangalie wenye maduka wa Darajani Ijumaa, sarafu zimeshapangwa kwenye kopo tangu asubuhi, anapita bibi anapewa, anapita mzee asiyeona anapewa, "pokea bi mkubwa", "Mungu akuzidishie", imekwisha, hakuna hotuba wala mahojiano, na mtu hajidai kaondoa umasikini. Ungefanya vile vile Chennai, kila wiki ukatenga kidogo, sarafu za kumi kumi, ukampa mtu mkononi ukimuangalia usoni, na ikiisha imeisha, unaweka mkono kifuani unasema samahani unapita. Kumpita mtu kwa adabu pia ni kitu cha kujifunza. Hukmu za zaka na sadaka kwa asiyekuwa muislamu na mfano wa hayo muulize sheikh, hilo si fani yangu.

Halafu kuna kitu kilikuwepo pale Chennai na nahisi hukuoneshwa, na hili linaniuma kidogo mana ni kosa la sisi tunaowaandaa. Mwaka 2013, mwaka niliofika, serikali ya jimbo ilifungua vibanda vya chakula wanaviita Amma Unavagam, amma ni mama kwa Kitamil, kwa hiyo mkahawa wa mama. Wapishi wanawake. Idli moja, ile mikate ya mchele iliyopikwa kwa mvuke unayoijua, ilikuwa rupia moja, wali wa sambar, ule mchuzi wa dengu, rupia tano, wali wa mtindi rupia tatu. Mimi skolashipu yangu ikichelewa, na ilichelewa mara nyingi, nlikuwa nakula pale. Unakata tokeni, unasimama mezani, kushoto mwanafunzi, kulia mchukuzi wa mizigo, mbele yako bibi mwenye mtoto mgongoni, wote wali mmoja. Hakuna aliyekuwa ananihurumia na mimi simuhurumii mtu. Kwa bei ile rupia 100 yako ni idli mia, lakini sio hesabu nnayotaka uione, nnachotaka uone ni kwamba wale watu tunaowaona wamelala chini wana nchi, wana siasa, wanapiga kura, na kura zao ndo zilizoleta kibanda kile.

Hebu tizama na hili. Tamil Nadu, ndo hilo jimbo la Chennai, walianza kuwapa watoto wa skuli chakula cha mchana kwa mpango wa jimbo tangu 1956 enzi za K. Kamaraj, aliyekuwa waziri kiongozi wao, ikapanuliwa sana 1982, na 2001 Mahakama ya Juu ya India ikaamuru skuli za serikali nchi nzima wapike. 2022 jimbo hilo likaongeza chai ya asubuhi kwa skuli za msingi. Sasa umekaa miezi minne na nusu pahala ambapo jambo hili wamelifanya mapema na wamelifanya vizuri, unarudi Pemba ambako mtoto anakwenda skuli hajanywa hata uji, na ulichorudi nacho kwenye simu ni picha ya mtoto hana nguo. Sikulaumu wewe. Ila ukienda tena safari yoyote, Nairobi, Istanbul, kokote, siku ya kwanza ulizia hawa watu wanakula wapi, wanatibiwa wapi, nani anawapigania, ndo baadae uangalie wanalala wapi.

Na kwa nini wanalala pale? Mana kwenye sehemu ya barua niliyoikata umeandika "wamekosa kila kitu" na si kweli. Wengi wa chini ya yale madaraja wana kazi. Wengine wametoka vijijini mvua ilivyokosekana, wamefata kazi za ujenzi, na kodi ya chumba mjini inataka malipo ya mbele ya miezi mingi. Wengine walikuwa na vibanda vyao kando ya mito ya mji wakabomolewa wakahamishiwa nyumba za ghorofa nje huko kusini, Kannagi Nagar tangu mwaka 2000, kisha Semmancheri baada ya tsunami ya 2004, halafu Perumbakkam. Nyumba zipo, ukuta upo, lakini kazi imebaki mjini kilomita 20 na kitu nyuma, na wakati wangu, kabla wanawake hawajapewa basi za kawaida za serikali bure mwaka 2021, ukilipa basi la kwenda na kurudi kila siku mshahara wa kufagia au kuuza maua umekwisha. Kwa hiyo mtu alikuwa anamuacha bibi na watoto wakubwa kwenye ghorofa, yeye anarudi kulala karibu na kazi. Nilikwenda Semmancheri mara nyingi kwa masomo yangu, nilikuwa nakuta mchana mtaa mzima wazee na watoto, kama kijiji cha kwetu msimu wa dago la uvuvi vijana wote wameondoka.

Ukishajua hivi ile picha yako inabadilika. Hatakuwa tena "masikini kalala chini", atakuwa mama aliyepiga hesabu ya safari ya kwenda na kurudi kazini. Wewe unasoma uhasibu, hesabu hiyo unaiweza, na ukiipiga utaona kapiga sawa.

Sasa hilo la nyumbani wanasema mshukuru Mungu tuna nafuu. Kumshukuru Mungu ni ibada na mimi sitosema kitu juu ya ibada. Lakini kuna namna ya kusema "tuna nafuu" ambayo inamaliza mazungumzo, mtu anatumia njaa ya mwenzake kama kioo cha kujitizamia uzuri wake, na naomba usiikubali, hata ikitoka kwa mjomba. Kwanza hesabu zenyewe hazisemi hivyo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya Zanzibar wa 2014/15 ulikuta watu 30.4 kwa kila mia wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, ule wa 2019/20 ukakuta 25.7. Imeshuka, alhamdulillah, lakini bado ni mtu mmoja kwa kila wanne, na Pemba iko juu ya Unguja, na Micheweni imekuwa ikitajwa chini kabisa utafiti baada ya utafiti. Sisi umasikini wetu hauonekani kwa sababu una paa. Umekaa ndani ya nyumba ya makuti iliyofagiwa uwanja, mtu kavaa kanzu yake safi, mlo mmoja, na ukibisha hodi unakaribishwa chai ambayo sukari yake imeazimwa kwa jirani. Tuna jamaa, tuna msikiti, tuna haya, yote hayo yanafunika, na yanasaidia kweli, ila yanafunika.

Na sisi pia tuna vyetu vya kuonesha. Pensheni jamii ilianza Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa bila kuulizwa aliwahi kuajiriwa au laa, ilikuwa shilingi elfu ishirini kwa mwezi, baadae ikapandishwa elfu hamsini. Mama yangu hajafika umri bado lakini bibi yangu aliipata mpaka alipofariki, na pesa yake ya kwanza alinunua sabuni, chumvi, na kibiriti, akatugawia sisi wajukuu kibiriti kimoja kimoja, tukashangaa sana. Alitaka tu na yeye atoe. Mtu aliyekuwa anapewa miaka yote, siku ya kwanza kuwa na chake akatoa. Nikikumbuka hivyo vibiriti mpaka leo koo linanibana.

Hao kinamama wa kokoto. Nimefurahi umewaona, wallahi nimefurahi, hata kama imekuja na maumivu. Lakini usije ukafanya yale yale, ukawashukia na mfuko wa mchele na simu iko tayari. Wewe ni mtoto wa pale, una haki na njia ambazo Chennai hukuwa nazo. Shuka siku moja, toa shikamoo, kaa kivulini, uliza wanauza kwa ndoo au kwa gari, nani anapanga bei, anayebeba kwa lori anawalipa lini, vidole vyao vikigongwa na nyundo wanakwenda wapi. Ntakwambia nnachokitegemea utakikuta: utakuta kikundi cha kuweka na kukopa, mana Pemba vimejaa na wanawake ndo wanaoviendesha, utakuta sanduku la funguo tatu na daftari, na utakuta daftari lina shida. Mtu kalipa hisa haijaandikwa, riba imejumlishwa mara mbili, mwisho wa mwaka siku ya kugawana watu wanagombana na wengine wanatoka wasirudi tena. Nimeviona vikundi vitatu vinavunjika kwa daftari tu, pesa haikuibiwa hata shilingi. Wewe mwaka wa tatu uhasibu, jumamosi mbili kwa mwezi unaweza kulisawazisha daftari na ukamfundisha mtoto wao wa fomu tatu aliendeleze. Hawatokuita mfadhili, watakuita mtoto wa fulani wa Wete anayekuja kutizama vitabu, na utapewa muhogo wa kuchemsha urudi nao. Mimi naona hiyo ndo kazi yako, kubwa kuliko sadaka yoyote utakayoitoa sasa hivi na hilo boom la chuo.

La kula, kula mwanangu. Ukiacha sahani hakuna mtu wa Chennai atakayeshiba, na mama yako kakusubiri miezi minne na nusu akupikie. Ikiwa usingizi pia umekata na umepita mwezi mzima, basi zungumza na mshauri wa wanafunzi chuoni kwenu, hali hiyo inawapata wengi wakirudi na inatibika kwa kuongea.

Nimalizie na akka.

Nimeisoma barua yako mara tatu kabla sijaliona. Watu wote uliowaandika kule ni "watoto", "familia", "masikini", "wale", na katikati kuna mtu mmoja ana anakoitwa, akka, dada mkubwa. Yule mwanamke anafagia hosteli. Mshahara wa mfagiaji wa hosteli Chennai mimi naujua, na nakuhakikishia wengi wa kazi ile wanakaa huko huko Kannagi Nagar na Perumbakkam na wanaamka saa kumi usiku kuwahi basi. Inawezekana kabisa akka wako ni masikini kuliko baadhi ya uliowapiga picha. Na hukumuita masikini. Hukumpiga picha, hukumpa rupia 100, hukumuonea haya. Alikufundisha kutunga maua, na mimi najua ilivyokuwa mana na mimi nilifundishwa na mwanamke wa sokoni: asumini mbichi kwenye jani la mgomba, uzi wa mgomba unapita kidole gumba, vichwa viwili kushoto viwili kulia, unakaza, na wanauza kwa mulam, ambao ni mkono wetu huu huu, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nilipomwambia kwetu tunatunga kikuba cha asumini na afu na mrehani tunavaa harusini alicheka akaniwekea maua kwenye ukingo wa mtandio, akasema kitu nisichokielewa, akakataa pesa.

Huyo akka wako ndo uliyemuona Chennai, na ulimuona kwa sababu yeye alianza kukufundisha na wewe ukakubali kuwa hujui. Umeniuliza ungefanyaje na wale wengine, na ulishafanya mwenyewe, pale kwenye ngazi za hosteli na uzi wa mgomba mkononi, ila hukuhesabu kwa sababu hukusikia uchungu wakati ule.

Kwenye sehemu ya barua niliyoikata umesema namba ya akka unayo na hujampigia kwa sababu huna la kumwambia. Mwambie umefika salama, mwambie umeliona afu la kwenu limechanua. Kitamil chako kidogo na Kiingereza chake kidogo vitatosha. Ila wao wametutangulia saa mbili na nusu, ukimpigia baada ya isha kule inakuwa saa nne na nusu usiku na yeye ana basi la alfajiri, kwa hiyo mpigie mchana, saa sita hivi, ndo anakuwa ameshamaliza ghorofa ya juu na amekaa kula.